Merikebu Iliyolala Chini ya Mto Saint-Laurent

Katika nchi ya Kanada, upande wa kaskazini wa Amerika, kuna mto mkubwa uitwao Saint-Laurent. Mto huu watoka katika maziwa makubwa, wapita katika miji ya Montréal na Québec, kisha waingia baharini. Karibu na mdomo wake si kama mto tena. Mahali paitwapo Rimouski upana wake wakaribia kilometre 50, na maji yake ni ya chumvi. Tena maji hayo hujaa na kupwa mara mbili kila siku: hupanda ukingoni, hukaa kidogo, kisha hurudi nyuma, jinsi bahari ifanyavyo.

Si mbali na ukingo huo, chini ya maji, imelala merikebu moja kubwa ya chuma. Jina lake ni Empress of Ireland. Imelala hapo tangu mwaka 1914. Siku hizi watu hushuka kuitazama, na wengi hurudi salama. Wengine hawakurudi. Katika somo hili tutasoma jinsi merikebu ilivyozama, na jinsi mtu anavyoweza kuifikia katika baridi na giza.

Usiku wa tarehe 29 Mei 1914

Empress of Ireland ilijengwa huko Scotland, ikaingizwa majini mwaka 1906. Urefu wake ulikuwa karibu metre 174. Pimeni uwanja wa mpira, kisha ongezeni nusu yake na zaidi kidogo, mtajua ukubwa wake. Ilikuwa na mabomba mawili ya moshi, vyumba vya matajiri, na vyumba vya watu wa kawaida waliohamia Kanada kutafuta mashamba na kazi. Ilikwenda na kurudi kati ya Kanada na mji wa Liverpool katika Uingereza.

Tarehe 28 Mei 1914, alasiri, iliondoka Québec. Ndani walikuwamo watu 1477, wasafiri na mabaharia pamoja. Kati yao kulikuwa na kundi kubwa la Jeshi la Wokovu la Kanada, wamechukua tarumbeta zao, wakienda mkutanoni London. Watoto walikuwa 138.

Usiku, kiongozi wa njia ya mtoni alishuka mahali paitwapo Pointe-au-Père, nayo merikebu ikaendelea kuelekea baharini. Hewa ilikuwa safi. Nahodha Kendall akaona mbele yake taa za merikebu nyingine. Ilikuwa Storstad, merikebu ya Wanorwe, iliyopakia makaa ya mawe na kupanda mto kuelekea Montréal. Taa zilionekana mbali bado, wala hapakuwa na hatari. Halafu ukungu ukateremka juu ya mto, mzito kama moshi wa majani mabichi, na kila mmoja hakuona mwenziwe tena. Walisikia filimbi tu.

Karibu na saa nane ya usiku Storstad ilitokea ghafula katika ukungu. Pua yake ikaingia ubavuni mwa Empress, upande wa kuume, kama shoka katika mgomba. Maji yakaingia kwa nguvu. Madirisha mengi madogo ya ubavuni yalikuwa wazi kwa sababu ya hewa safi. Merikebu ilipoinama, maji yakapita hapo pia. Mashua za kuokolea zilikuwapo za kutosha, lakini merikebu ikilala ubavu, mashua za upande wa juu zitashushwaje? Wasafiri wengi walikuwa wamelala vitandani. Taa zikazimika. Baada ya dakika 14 tu, Empress of Ireland ikazama kabisa.

Watu 1012 walikufa. Waliookoka walikuwa 465. Katika wale watoto 138, waliookoka walikuwa wanne tu. Mmoja wao alikuwa Grace Hanagan, msichana wa miaka saba. Baba yake alikuwa kiongozi wa wapiga tarumbeta wa Jeshi la Wokovu. Baba na mama walikufa usiku ule. Grace alishika ubao, akaokotwa, akaishi hata akawa mzee sana. Alikufa mwaka 1995, naye alikuwa wa mwisho kati ya waliookoka.

Usifikiri kwamba wote walinywa maji wakafa. Wengine walivaa mavazi ya kueleza. Wengine walikufa kwa baridi. Maji ya Saint-Laurent mwezi wa Mei ni ya barafu iliyotoka kuyeyuka. Mtu akianguka ndani yake, pumzi humkatika, mikono hufa ganzi, na baada ya dakika chache hawezi kushika kitu, hata kamba akitupiwa.

Baadaye mahakimu walikaa Québec kuchunguza jambo hili. Nahodha wa Empress alisema kwamba Storstad iligeuka katika ukungu. Wale wa Storstad walisema, hapana, ndiyo Empress iliyogeuka. Mahakimu wa Kanada waliitia hatia Storstad. Huko Norwe wakasema kinyume. Kisha katika mwezi wa Agosti vita kubwa ikaanza Ulaya, na magazeti yakawa na wafu wengine wa kuhesabu. Ndiyo sababu watu wengi leo wanaijua Titanic, lakini Empress of Ireland hawajapata kuisikia.

Mbona asitumie mwanzi?

Mara nyingi mwanafunzi huniuliza swali hili: «Kama mtu ataka kukaa chini ya maji, mbona asitie mwanzi mrefu kinywani na kupumua hewa ya juu?»

Swali ni zuri. Jibu lake ni uzito wa maji. Jaza ndoo maji uibebe kichwani: ni nzito. Basi, mtu aliye chini ya maji amebeba maji yote yaliyo juu yake, nayo yanambana pande zote, kifuani na tumboni. Kila akishuka metre 10, maji yanaongeza mgandamizo wa kilo moja juu ya kila sehemu ya mwili iliyo kubwa kama ukucha. Katika metre moja tu kifua kinaanza kuchoka kuvuta hewa kwa mwanzi. Katika metre mbili hakiwezi. Empress of Ireland imelala mahali penye kina cha metre 40 hivi.

Kwa hiyo hewa anayopumua mpiga mbizi ni lazima iwe na nguvu sawasawa na maji yanayombana. Zamani walifanya hivi: mtu alivaa kofia kubwa ya shaba, viatu vya risasi, na vazi zito, na wenzake waliobaki mashuani walimsukumia hewa kwa pampu kupitia mpira mrefu. Ndivyo walivyoshuka wapiga mbizi wa kwanza katika mwaka ule ule wa 1914. Walitoa maiti, mifuko ya barua, sanduku la fedha, na vipande vya fedha safi. Kazi ilikuwa ngumu sana, na mmoja wao akafia humo.

Mwaka 1943, wakati wa vita ya pili, Wafaransa wawili walitengeneza chombo kingine. Mmoja alikuwa baharia, Jacques-Yves Cousteau. Mwingine alikuwa fundi, Émile Gagnan. Siku zile petroli ilikuwa haba, na Gagnan alikuwa ametengeneza kilango kidogo cha kupimia gesi iliyoendesha motokari. Cousteau alipokiona, akafikiri: kilango hiki chaweza kumpimia mtu hewa. Wakakifunga kwenye chupa za chuma zilizojazwa hewa iliyoshindiliwa. Mpiga mbizi akivuta pumzi, kilango hufunguka na kumpa hewa yenye nguvu sawa na maji ya mahali alipo. Akiacha kuvuta, kilango hujifunga. Hivyo mtu akachukua hewa yake mgongoni, akaogelea kama samaki bila mpira wa kumfunga na mashua. Gagnan mwenyewe alihamia Montréal mwaka 1947, akaendelea huko na kazi hiyo hiyo, kwenye mto ule ule wa Saint-Laurent.

Kwa chombo cha namna hii wapiga mbizi wa Kanada waliitafuta Empress of Ireland, wakaiona tena mwaka 1964. Kwa miaka 50 hakuna mtu aliyeigusa.

Hesabu ya hewa

Chukueni ubao na chaki. Chupa moja ya chuma ina litre 12. Hewa imeshindiliwa ndani yake mara 200. Basi hewa yote ni 12 mara 200, yaani litre 2400. Mtu asiyefanya kazi ngumu hutumia kama litre 20 kwa dakika moja. Juu ya maji chupa hiyo ingemtosha dakika 120, ndiyo saa mbili kamili.

Lakini katika metre 40 mgandamizo ni mara tano ya ule wa juu: mara moja kwa hewa iliyo juu ya maji, na mara nne kwa maji yenyewe. Kila pumzi inahitaji hewa mara tano. Sasa mtu yule anatumia litre 100 kwa dakika. Chupa itakwisha kwa dakika 24.

Tena hawezi kuitumia yote. Wapiga mbizi wanaoingia ndani ya merikebu iliyozama wana sheria yao: theluthi moja ya kuingia, theluthi moja ya kutoka, theluthi moja ya kutoguswa, kwa hatari yake au ya mwenzake. Theluthi ya 2400 ni 800. Gawanyeni kwa 100. Dakika nane! Ndiyo sababu wachukua chupa mbili au zaidi, na hata hivyo saa haitoki machoni pao.

Kushuka ni rahisi, kazi ni kupanda

Mambo mawili hutisha kuliko samaki yeyote mkali, nayo hayaonekani kwa macho.

La kwanza. Hewa tunayopumua ina oksijeni, lakini sehemu iliyo kubwa, karibu nne katika tano, ni azoti. Hapa juu azoti hutupitia bure, haitudhuru wala haitusaidii. Chini ya maji, kwa sababu ya mgandamizo, huingia katika damu na nyama. Kupita metre 30 mtu huanza kuwa kama mlevi. Asiyeonja pombe maisha yake yote hulewa huko sawasawa na mwenye kilabu. Hucheka bila sababu, husahau kutazama saa, na mwenye akili timamu hufanya ujinga. Akipanda metre chache, ulevi humtoka mara moja. Siku hizi wengine huchanganya hewa yao na gesi nyepesi iitwayo heli, ili wasilewe.

La pili ni baya zaidi. Mmekwisha kuona chupa ya limonadi. Ikiwa imefungwa, ndani ni shwari. Ukiifungua ghafula, povu latoka. Gesi ilikuwamo tangu mwanzo, imebanwa; ulipoondoa kifuniko, ikageuka mapovu. Damu ya mpiga mbizi ni kama limonadi hiyo. Akipanda mbio, azoti hugeuka mapovu ndani ya mwili wake. Viungo humwuma sana, huweza kupooza miguu, huweza kufa. Kwa hiyo hupanda polepole, metre 9 au 10 kwa dakika, si zaidi. Karibu na juu husimama, ameshika kamba, katika metre 6, tena katika metre 3, akingoja azoti imtoke kidogo kidogo kwa pumzi. Anaona mwanga juu yake. Ana baridi. Mashua yenye chai ya moto ipo karibu kabisa. Naye hana budi kungoja.

Wala asizuie pumzi hata kidogo akipanda. Litre moja ya hewa iliyovutwa katika metre 40 hugeuka litre tano juu ya maji. Fikiri mapafu ya mtu aliyefunga kinywa.

Baridi

Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya vuguvugu. Watoto huoga humo jioni bila kutetemeka. Chini ya Saint-Laurent, hata wakati wa joto, maji ni digri 4 au chini yake. Maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matamu, basi hubaki maji ingawa baridi yake ni kama ya barafu. Tena maji hunyang'anya mwili joto lake upesi kuliko hewa, kama mara 25.

Mpiga mbizi huvaa kwanza nguo nzito za kumtia joto, na juu yake vazi la mpira lisiloingiza maji, lililobana shingoni na mikononi. Kati ya ngozi na mpira kuna hewa, nayo humkinga. Midomo tu hubaki wazi, nayo hufa ganzi upesi. Vidole navyo, hata ndani ya glavu, vyaanza kuuma, kisha haviumi tena, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana kidole kisichohisi hakiwezi kufungua kifungo wala kukata kamba.

Hata chombo chenyewe chaona baridi. Hewa ikitoka katika chupa kwa nguvu hupoa sana. (Wanaojaza magurudumu ya baiskeli wanajua: ukiachilia hewa, kidole huhisi baridi.) Katika maji ya digri 2 kilango chaweza kushikwa na barafu kikiwa wazi, na hewa ikamwagika yote kwa dakika chache. Kwa hiyo mtu mwenye akili huchukua vilango viwili, kila kimoja na chupa yake.

Ndani ya Empress

Mashua hufungwa penye boya, na kamba yashuka hadi kwenye merikebu. Lazima kungoja saa ile maji yanapotulia, kati ya kujaa na kupwa. Nje ya saa hiyo mkondo ni mkali. Mtu hung'ang'ania kamba kama bendera katika upepo. Maji ni ya kijani yenye matope. Rangi nyekundu yapotea kwanza. Damu ikikutoka kidoleni, bila taa ni nyeusi. Baada ya metre 20 ni usiku.

Kati ya metre 25 na 30 taa yaangaza ghafula ukuta mkubwa. Ni ubavu wa kushoto wa merikebu, ambao sasa umekuwa kama dari, kwa sababu merikebu imelala ubavu wa kuume, ule uliotobolewa na Storstad. Ukuta wote umefunikwa na wanyama wanaofanana na maua, weupe na wa rangi ya chungwa. Wale wanaofika mara ya kwanza hushangaa kuona bustani mahali pa msiba. Mungu hakuacha hata mahali hapo bila kitu hai.

Walioingia ndani wasema ni vigumu kujua chini ni wapi. Kuta zimekuwa sakafu, milango iko juu na chini kama visima. Kutu imekula mbao za chuma, nazo huanguka. Matope laini yamejaa vyumbani. Ukipiga mguu mara moja tu, yainuka, na taa yako haiangazi hata mkono wako. Kwa hiyo mtu hufunga uzi mlangoni, akaukunjua akienda, apate kurudi kwa kuushika. Kadhaa walikosa njia, au hewa iliwaishia, au walipanda kwa hofu mbio mno. Nao wakaongezwa katika hesabu ya wafu wa Empress.

Baada ya mwaka 1964 watu wengi walishuka si kwa kutazama tu, bali kwa kuchukua. Sahani, taa, vyombo vya shaba, vilipanda juu kimoja kimoja, vikapambwa nyumbani au kuuzwa. Kuna waliochukua hata mifupa. Mimi naona sivyo. Kwetu hakuna mtu aendaye kaburini kwa jirani akatwaa chungu kilichowekwa juu yake, akasema: «Nimekiokota.» Wengine wanajibu kwamba vitu vile vingeoza chini, heri viokolewe vionekane na wote. Neno hilo lina haki yake, kama kweli vinaonekana na wote, wala havikufichwa katika kabati ya mtu mmoja. Serikali ya Québec iliona vilevile: mwaka 1999 ilitia merikebu hii katika vitu vilivyolindwa na sheria, na tangu hapo hakuna ruhusa ya kutoa kitu bila kibali. Vitu vingi vilivyokwisha kutolewa vimewekwa katika nyumba za makumbusho, na moja iko Pointe-au-Père, ukingoni, ikitazama mahali penyewe.

Karibu na hapo, kando ya barabara, lipo kaburi la wale waliotolewa majini, pamoja na nguzo ya ukumbusho. Baadhi yao hakuna aliyejua majina yao. Wakati wa joto wapiga mbizi huja na chupa zao, hupita mbele ya kaburi hilo wakienda mashuani. Wakati wa baridi barafu huelea juu ya Saint-Laurent, wala hakuna mtu ashukaye.